Mama ni Mzima

Kituoni, 3 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama hajambo, na wewe na cherehani yako hamjambo. Mimi nipo, nasukuma siku.

Uliuliza maisha ya huku. Kituo ni nyumba ya mashine, vyumba viwili vya kulala na tangi la dizeli, basi. Tuko wawili, mimi na jamaa mmoja ninayemwita Mwenzangu kwa sababu hakuna mwingine wa kumchanganya naye. Tunasukuma maji kuja huko mjini kwenu, kwa hiyo ukifungua bomba likatoa, ujue mdogo wako yuko macho. Simu haishiki. Kuna redio ya kuongea na ofisi, na ukiitumia kusalimia ndugu unaandikiwa onyo. Barua huja na lori la dizeli kila baada ya wiki mbili. Dereva tunamwita Mzee Honi, maana anaanza kupiga honi akiwa bado ni vumbi tu kwa mbali. Anakaa saa moja, anaondoka. Ukiona mwandiko wangu unakimbia, ni yeye amenisimamia.

Kazi yenyewe ni geji. Kila saa unatazama presha, unaandika kwenye daftari la zamu. Aliyekuwa hapa kabla yangu alikuwa anajaza daftari la siku nzima asubuhi, namba zimenyooka kama meno ya tangazo, halafu anarudi kulala. Siku bomba lilipopasuka, daftari lilikuwa linasema kila kitu kiko sawa. Ndivyo mimi nilivyopata ajira.

Sasa lililonishikisha kalamu ni Mama. Nilipoondoka alikuwa anajishika titi la kushoto akidhani hatumwoni, na wewe ukasema mtaenda hospitali kuu na ile karatasi ya rufaa. Mlienda? Walisemaje? Hapa tunapewa ruhusa ya dharura moja kwa mwaka. Ili uipate, mtu wa familia anaandika barua kwa Msimamizi, anasema wazi mgonjwa ni nani, anaumwa nini, na hali yake ikoje. Iandike hiyo barua, nitakuja na lori litakaloileta.

Kuhusu maombi, ile orodha uliyonipa nimeibandika ukutani. Naisoma kila asubuhi toka juu mpaka chini, namaliza kabla chai haijapoa. Sisikii kitu, Dada. Nikimaliza najiona kama mtu aliyesoma tangazo la kazi. Nifundishe, wewe ndiye mwombaji wa ukoo.

Mdogo wako


Nyumbani, 12 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika.

Nianze na la maana: Mama ni mzima. Mimi nasema hivyo, na wewe useme hivyo. Yale maneno uliyoyaandika, sijui mgonjwa, sijui anaumwa nini, kwenye kikundi chetu cha maombi hatuyatii mdomoni. Ulimi ukilitaja jambo umelifungulia mlango. Mama Kiongozi anatufundisha kwamba mtu akikuuliza habari za nyumbani, unamjibu unachokiamini na siyo unachokiona. Hata Muuguzi, huyu jirani yetu wa mlango wa pili, nimemwambia akija kumtazama Mama maneno yake ya wodini ayavue pamoja na viatu. Amenuna, lakini anakuja.

Ile karatasi ya rufaa nimeiweka chini ya Neno, ile Biblia kubwa, juu ya kabati la Mama. Neno limeikalia. Kikundi kinakuja kila siku, tunaweka mikono pale, tunaiamuru. Sasa wewe niambie, mtu aliyeamuru hivyo ataichomoa tena akapange nayo foleni? Tutakuwa tunamwambia Mungu nini?

Na wewe shida yako naijua. Unaomba kwa sauti ya kuazima chumvi. Mungu hapigiwi hodi kwa aibu. Simama, paza sauti, liambie jambo litoke, halafu ushukuru kama limeshatoka. Na ile orodha usiisome tu kama tangazo, ipigie kelele.

Mimi nimezama kwenye sketi za shule, marinda kwa marinda, mpaka nikifumba macho nayaona. Vitambaa vimejaa hadi kwenye kiti cha kando ya kitanda cha Mama. Bega la kushoto linaniu… Bega langu ni zima. Linajisikia tu.

Mama anakusalimu, anasema huko kuna baridi uvae sweta.

Dada yako


Kituoni, 17 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimejaribu ulivyosema. Nilisimama nyuma ya mashine, nikapaza sauti, nikaamuru. Mwenzangu alikuja mbio na mti mkavu mkononi, akidhani nimeshikwa na umeme. Tumecheka mpaka tukakaa chini. Tulipomaliza kucheka nikaona nimebaki na hofu ile ile, imekaa mahali pake, haijasogea hata kidogo.

Sikatai imani yako. Wewe ndiye uliyenishika mkono kunipeleka kanisani siku ya kwanza, na viatu ulinivalisha wewe. Lakini mimi siku hizi nimeshaharibika na daftari. Nimezoea kuandika geji inavyosoma. Inapanda, naandika imepanda. Inashuka, naandika imeshuka, hata kama inaniudhi. Sasa nikipiga magoti nikaanza kumwambia Mungu mambo ambayo sijui kama ni kweli, ulimi unagoma.

Nisikilize vizuri hapa. Mke wa Mwenzangu anajifungua mwezi wa nne. Anataka kuchukua likizo yake yote, miezi miwili, kuanzia mwisho wa Machi. Akishaondoka mimi siwezi kutoka, iwe dharura iwe nini, kwa sababu pampu haziachwi bila mtu. Ameniachia mimi niamue nani aende, yeye au mimi. Muungwana sana huyu.

Kwa hiyo sikuulizi unachoamini. Nakuuliza Mama anakula? Anatembea? Mlienda hospitali, au siku ya miadi imepita? Kama yote hayo ni magumu, andika neno moja tu: kaa, au njoo. Nitalifuata hilo.

Mdogo wako


Nyumbani, 26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba.

Kaa.

Muache mwenzako akamshike mtoto wake. Mama ni mzima. Jumapili iliyopita alisimama mbele ya kanisa zima akatoa ushuhuda kwamba amepokea. Watu walilia, Mama Kiongozi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Nilimshonea gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo, la bluu, unajua anavyopenda bluu. Nilipunguza kidogo mabegani na kiunoni, halafu nikapunguza tena. Siku hizi anapenda nguo nyepesi nyepesi. Nilisimama kando yake muda wote nimemshika mkono, na alisema yote aliyotakiwa kusema.

Ukweli wa Mungu ni mkubwa kuliko geji yako. Usiniulize tena maswali ya polisi.

Dada yako


Nyumbani, 27 Machi

Mwanangu,

Ni mimi mama yako. Mkono ni wa Muuguzi, maneno ni yangu. Dada yako amekwenda kupeleka sketi shuleni, tuna muda kidogo.

Ninaumwa, baba. Lile titi limekuwa kidonda, na sasa kifua kizima kinabana. Siwezi kushuka kitandani peke yangu. Muuguzi anasema hospitali sasa watanipa dawa ya maumivu tu. Siku ya miadi ilipita mwezi wa kwanza, karatasi ikiwa pale juu ya kabati. Mimi pia sikuichomoa. Niliogopa kama dada yako alivyoogopa, usije ukambebesha mzigo wote yeye.

Siku ile kanisani nilisema nimepona. Alikuwa amening'ang'ania mkono, nikaona nikisema vinginevyo ataanguka yeye kabla yangu. Basi nikadanganya mbele ya madhabahu na gauni jipya. Tangu siku hiyo nikiomba naona haya. Ningemwambia nini Mungu, na yeye alikuwepo akisikia?

Ila hivi karibuni nimeanza upya, kidogo kidogo. Alfajiri, saa kumi na mbili, kabla kikundi hakijaja na kelele zao, namwambia tu lililopo. Leo inauma hapa. Leo nimeogopa. Leo nimemkumbuka mdogo. Nikishasema hivyo nanyamaza. Hajibu, mwanangu, nisikudanganye. Lakini angalau sote wawili tunajua tunaongea habari gani. Nimeomba miaka hamsini, na hili ndilo nimejifunza mwishoni, naona hata aibu lilivyo dogo.

Kila anayeingia humu ananiambia nimepona. Nakufa katikati ya watu wanaonipongeza. Nataka mtu mmoja akae kwenye hiki kiti, viondolewe vitambaa vya dadako, akae, aombe na mimi kama mtu anayejua kwamba naondoka. Njoo ukae, baba. Barua hii mwonyeshe Msimamizi wako, nimetaja yote anayoyataka.

Dada yako asijue kwanza. Kwenye bahasha yako ya kunijibu andika jina langu, labda Muuguzi ataiwahi.

Mama yako


Kituoni, 31 Machi

Mama,

Shikamoo Mama. Barua yako imefika sasa hivi. Mzee Honi ameona uso wangu, amezima injini, amesema leo hatazami saa.

Mwenzangu aliondoka Jumamosi, kwa gari la mafundi waliopita. Siku tatu tu, Mama. Nilimfungia mzigo wake mwenyewe, nikamwambia nenda, kwetu ni wazima.

Nimempigia Msimamizi kwa redio. Nimemsomea barua yako yote, neno kwa neno, ofisi nzima wakisikia. Amenipa pole, na naamini ametoka moyoni. Halafu akaniuliza nikiondoka nani atawasha mashine. Mji mzima unakunywa hapa, na hospitali, na bomba lako pia. Hana mtu wa kumleta mpaka mwisho wa Mei. Nilikaa na kile kisikio cha redio mkononi, naangalia lile lori, na ufunguo ulikuwa ndani. Sikuondoka. Sijui kama nimefanya vizuri, naona kama nimekuuza.

Siji, Mama. Nimeandika hivyo moja kwa moja kwa sababu umeomba mtu asiyekudanganya.

Lakini saa kumi na mbili alfajiri ndiyo saa ya geji yangu ya kwanza. Kuanzia kesho nikishaandika nitakaa chini pale pale kwenye ndoo ya grisi, nitamwambia Mungu: Mama anaumwa, anaondoka, na mimi siko naye. Ile orodha ya ukutani nimeitoa. Nitasema hayo tu, halafu nitanyamaza, kama wewe. Basi wewe ukinyamaza huko, ujue na huku kuna mtu amenyamaza. Siyo kiti cha kando yako, ila ndicho nilichonacho.

Ulinifundisha kutembea, kula na kusema asante. Asante, Mama.

Mwanao


Nyumbani, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Najua ofisi imeshakupa habari kwa redio. Mimi mwenyewe nilikwenda langoni kwao kuwaambia. Mlinzi alinitaka niandike ujumbe kwa maneno machache, nikaandika, nikafuta, nikaandika. Mama alitutoka tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi. Tumemzika jana. Nilimvalisha lile gauni la bluu. Nililipunguza mara ya tatu.

Watu walikuwa wengi. Mama Kiongozi alihubiri kwamba amepona uponyaji mkuu. Nilimtazama mdomo ukifunguka na kufungwa, sikusikia mengi.

Aliondoka kwa amani. Barua yako ilifika kabla, tarehe nne. Nilimsomea. Alifurahi.

Kula. Usikae na njaa kwa ajili ya msiba.

Dada yako


Kituoni, 28 Aprili

Dada,

Shikamoo, na pole. Pole sana Dada, wewe ndiye uliyemwosha na kumlisha. Mimi nilisikia kwa redio katikati ya taarifa ya vipuri. Msimamizi alisema nipumzike siku hiyo, akasahau kwamba hakuna wa kunipokea zamu. Nikaandika geji zote ishirini na nne.

Nilikuwa na hasira na wewe. Nikuambie tu, maana uko mbali huwezi kunichapa. Nililala nazo, nikaamka nazo, lile neno lako la kaa limenizunguka kichwani kama inzi. Lakini kuna kitu kimoja kimenishika nisianguke. Ulimsomea. Ulisoma maneno ambayo kikundi chako hakiyataki, kwa mdomo wako, kwa ajili yake. Najua lilivyokuwa gumu kwako. Kwa hilo nimeyaachia mengine yote.

Siku zile kumi na moja, toka tarehe nne mpaka kumi na tano, nilikuwa nakaa kwenye ndoo yangu alfajiri nikijua kwamba na yeye anajua. Sijawahi kuomba hivyo. Sikuomba chochote, kusema kweli. Nilikuwa nimekaa tu na Mama na Mungu, sote watatu tumenyamaza. Zile siku nimezitunza, kwingine kote ni giza.

Mwenzangu akirudi mwisho wa Mei nitakuja tukae kaburini. Nishonee kitu cheusi, vipimo unavyo.

Mdogo wako


Nyumbani, 20 Mei

Mdogo wangu,

Usije bado. Soma hii kwanza, ukishasoma ndiyo uamue.

Sikumsomea.

Barua ilifika tarehe nne, hilo ni kweli. Ilikuwa na jina lake, lakini bahasha zote humu ndani nafungua mimi. Nilisoma mstari unaosema Mama anaumwa, anaondoka. Nikasema hii ikisomwa humu ndani itabomoa yote tuliyojenga. Nikaitia chini ya Neno, pamoja na ile karatasi. Siku kumi na moja ilikuwa pale, hatua mbili kutoka kichwani kwake, na kikundi kikaja kikaweka mikono juu yake bila kujua. Mimi nilijua. Niliweka na wangu.

Muuguzi ameniambia juzi, hakutaka kunificha tena, kwamba Mama kila asubuhi alikuwa anamuuliza lori limekuja? Muuguzi anamjibu bado. Siku ya mwisho hakuuliza. Alisema tu, labda mdogo naye amekasirika.

Nimefumua kazi nyingi maishani mwangu, mdogo wangu. Ukikosea mshono unachukua wembe, unafumua, unaanza tena, kitambaa kikibaki na alama kidogo unapiga pasi. Hili halifumuki. Nimeligeuza kila upande.

Zile siku kumi na moja ulizosema umezitunza, nilitaka nikuachie. Kikundi walinitaka Jumapili nisimame nishuhudie jinsi Mama alivyoondoka kwa ushindi. Nilisimama. Nikaona mdomo wangu unafunguka kama wa Mama Kiongozi. Nikakaa chini, nikatoka, sijarudi tena. Nilipofika nyumbani nikataka kuomba, na neno la kwanza lililokuja lilikuwa ni hilo, sikumsomea. Sikuweza kulipita nikasema jingine. Nikaelewa kwamba siwezi kumwambia Mungu kabla sijakuambia wewe.

Sikuombi unisamehe. Hicho siyo kitu cha kuamuru.

Dada yako


Nyumbani, 9 Septemba

Mdogo wangu,

Malori manane nimeyahesabu, hakuna barua. Sikulaumu. Nilikaa mlangoni mwisho wa Mei na lile shati jeusi nimelipiga pasi, halafu nikalikunja. Lipo.

Nakuandikia kwa sababu nimepata jambo, na nimejiapiza kwamba safari hii litoke kwangu lilivyo.

Lile bega. Unakumbuka nilikuandikia nikakata sentensi katikati. Halikuwa bega. Kuna uvimbe kwenye titi la kushoto, chini karibu na kwapa. Nilikuwa nao mwezi wa pili. Nilikuwa nao naweka mikono juu ya kabati la Mama, nimeubana na mkono mwingine. Mwezi wa sita ndipo nilipochukua karatasi ya rufaa, yangu mwenyewe, na kwenda nayo hospitali kuu. Muuguzi alinisindikiza, tulipanga foleni toka asubuhi hadi jioni. Wamekata, wamepima, wamenirudisha mara tatu. Umeshafika kwenye tezi za kwapani, na kwenye ini kuna vitu. Daktari ni binti mdogo, alikuwa anazunguka maneno kwa huruma. Nikamwambia mwanangu, sema tu. Akasema labda mwaka, labda usifike.

Siwezi tena kuzungusha gurudumu la cherehani. Vitambaa vya watu vimebaki humu ndani.

Unaniuliza kama naomba? Hukuuliza, lakini zamani tulikuwa tunaulizana. Naomba, na sijui kama ndivyo kunavyotakiwa. Mimi Mungu nilikuwa nampa vipimo na siku ya kuja kuchukua, kama mteja mkorofi. Sasa nakaa kitandani kwa Mama saa kumi na mbili. Namwambia nimeogopa. Namwambia nilichomfanyia Mama, kila siku, maana kila siku kipo. Namwambia nataka kuishi. Hilo naliomba kwa nguvu zote, sikufichi, naliomba mpaka jasho, lakini naomba nikijua anaweza kukataa, na kila siku naona kama anakataa. Halafu nanyamaza. Sisikii chochote. Mama alimwambia Muuguzi kwamba kimya kile kilikuwa na mtu ndani yake, labda kwake ndivyo. Kwangu ni chumba tu na kabati. Naendelea kukaa kwa sababu ni mahali pekee ambapo sijadanganya.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili, siyo yako. Ukitaka ipeleke, usipotaka ichane, sitauliza.

Dada yako


[Barua iliyoambatanishwa]

Kwa Msimamizi wa Kituo,

Mimi ni dada wa mwendesha pampu wako. Mgonjwa ni mimi. Ninaumwa saratani ya titi, imeenea. Hali yangu ni mbaya na sitapona.

Sina mtu mwingine. Ninaomba mdogo wangu aruhusiwe kuja.

Barua kama hii nilitakiwa kuiandika mwezi wa pili, kwa ajili ya mama yetu. Sikuiandika. Kosa hilo ni langu, asihesabiwe yeye.

Dada yake


Kituoni, 15 Septemba

Dada,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako ya pili kwa redio. Niliposoma pale pa sitapona, Msimamizi aliniambia nirudie, alidhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Mwenzangu alitoka nje. Ruhusa imetoka, inaanza lori lijalo, tarehe ishirini na tisa, wiki tatu. Wiki tatu ndizo zote nilizo nazo mwaka huu.

Barua yako ya Mei niliichoma, halafu nikaikariri nikiwa nimeshaichoma. Mwezi wa sita wote sikukaa kwenye ndoo. Zile siku kumi na moja nilikuwa nimekaa peke yangu na sikujua, basi nikaona hakuna haja ya kukaa peke yangu nikijua. Mwezi wa saba nikarudi, sijui kwa nini. Niliketi nikasema, nimemchukia dada yangu. Ndilo nililokuwa nalo. Nikasema hivyo kila alfajiri mpaka jana. Jana niliongeza, na anakufa.

Sijakusamehe, Dada. Nakuandikia hivyo kwa sababu najua ukiona nimeandika vinginevyo utanijua. Labda nitakuja wiki tatu ziishe sijakusamehe, nirudi huku hivyo hivyo. Siahidi. Kuhusu kupona sitaomba kwa kelele, wala sitakuambia una uso mzuri. Nitakachoomba ni kile utakachoniambia asubuhi hiyo.

Waambie wenye sketi waje wachukue kazi zao. Ondoa vitambaa kwenye kile kiti.

Mdogo wako